Herufi Mbili

Chini ya ngazi za Kadutu, mvua inapoteremka
na udongo mwekundu na maganda ya ndizi,
nina meza, nina mashine ya kuchapa,
nina mwavuli wa kampuni ya bia, umepasuka ubavu.
Nina. Yaani niko pamoja na.
Lugha yetu haimiliki kitu, inakaa karibu nacho tu.
Siku mwavuli ulipoibiwa nilijiambia:
hujapoteza mali, umeachwa na mwenzio.
(Waliurudisha. Ulikuwa unavuja.)

Kwenye mashine yangu N imefutika,
A nayo imebaki miguu bila kichwa.
Miaka ishirini na sita vidole vinapita hapohapo:
maharage na chumvi, Bukavu na vilima vyake,
tuligombana na jirani, na hata ndani ya gombana
li pale, limejikunja mkiani.
Hata sasa ninachapa, limekaa tumboni mwa kitenzi
kama saa mfukoni mwa karani.

Bwana Birindwa alileta dai lake: "Andika,
ukuta wangu umebomolewa na mvua na jirani."
Nikamuuliza: jirani alisaidiana na mvua,
au mvua ilibomoa ukuta, ikambomoa na jirani?
Akafikiri. "Weka vyote," akasema,
na tukacheka mpaka muuza sambaza akageuka.

Nilicheka. Nakumbuka kwamba nilicheka,
kwa sababu wiki ileile alikuja Nzigire.

Alisema, nikachapa kama alivyosema,
mdomo wake na vidole vyangu:
*Mwanangu Akonkwa, wa miaka saba,
alichukuliwa na baba yake usiku wa Jumanne.*
Faranga elfu mbili. Nikamrudishia mia tano.

Jibu la tribinali lilikaa wiki tatu njiani,
kutoka biro iliyo mwendo wa dakika kumi.
Mhuri wa zambarau, na chini yake:
*Baba kumchukua mwanawe si kosa.
Nendeni mkaelewane.*

Aliniletea akidhani aliyemsomea amekosea.
Nikasoma. Nikasoma tena.
"Bisimwa hakumchukua mtoto," akasema, polepole,
kama mtu anayemfundisha mgeni njia.
"Bisimwa alikuwa amemshika mkono.
Waliwachukua wote wawili. Watu wenye tochi.
Kule juu, tulikokuwa tunalima."

Ndipo nikaliona neno langu
limesimama katikati ya mstari kama daraja la Ruzizi:
wa huku na wa kule wanakanyaga mbao zilezile,
kila mmoja anakwenda kwao.
Mama aliingilia upande wa mkono ulioshikwa.
Hakimu aliingilia upande wa mkono uliokamata.
Walipishana hapo, hawakusalimiana.

Sikuomba msamaha; sikujua niuombe kwa lugha gani.
Nilitia karatasi mpya, nikachapa bila malipo:
*Mwanangu Akonkwa na mume wangu Bisimwa
walichukuliwa na watu wenye silaha.*
Mbili, mstari mmoja, sura moja.
Ya kwanza inawafunga kama kitenge mgongoni.
Ya pili inawapeleka.

Kwenye mstari wa hali ya familia nikasita,
nikauliza bila kumtazama:
nina mume na mtoto, au nilikuwa na?
Alinyamaza. Mtu akapita na gunia la makaa,
akatusukuma, akaenda.
"Wewe unauliza nini?" akasema Nzigire.
"Nina."

Nikaandika nina.
Kisha akaomba nimwonyeshe, kwa kidole,
lile dogo lililo kati ya Akonkwa na Bisimwa.
Hajui kusoma, lakini aliliangalia muda mrefu.
"Limefifia," akasema. "Ligonge tena."
Nikaligonga tena, na tena, juu ya wino wake,
mpaka karatasi ikatoboka
na mwanga ukapita.
Akaikunja, akaitia kifuani, akapanda ngazi.